Mwajemi, Mrusi na Raha ya Kuzomea

Tarehe 31 Machi 1985, watu zaidi ya 19,000 walijaa katika ukumbi wa Madison Square Garden, jijini New York, kushuhudia tamasha la kwanza la mieleka ya kulipwa lililopewa jina la WrestleMania. Wengine wengi walilitazama katika kumbi za miji mingine kupitia matangazo ya kulipia. Katika pambano mojawapo, wanaume wawili walipanda ulingoni wakiwa wamekwisha kuzomewa kabla hawajamgusa mtu. Wa kwanza, aliyejulikana kwa jina la The Iron Sheik, alikuwa na kilemba cha Kiarabu kichwani na viatu vyenye ncha zilizopinda kuelekea juu. Wa pili, Nikolai Volkoff, alichukua kipaza sauti na kuimba wimbo wa taifa wa Umoja wa Kisovieti. Kelele za umati ziliufunika wimbo huo karibu wote.

Pambano lenyewe lilikuwa la wawili dhidi ya wawili, kwa utaratibu wa kupokezana: mmoja hupigana, mwenzake husubiri nje ya kamba hadi aguswe mkono. Wapinzani wao, Mike Rotunda na Barry Windham, walikuwa vijana wa Kimarekani walioshika mkanda wa ubingwa wa timu. Kwa takribani dakika saba vijana hao walipigana vizuri. Kisha mwamuzi akageuza uso. Mwajemi akaichukua bakora ya meneja wao, mzee Freddie Blassie, akamchapa nayo Windham mgongoni, na Mrusi akamlalia Windham hadi hesabu ya tatu. Ubingwa ukahamia mikononi mwa waovu. Walipohojiwa baadaye kuhusu bakora hiyo, Blassie alijibu kama mtu ambaye hajawahi kumiliki bakora maishani mwake.

Katika majuma haya nimeyatazama upya mapambano kadhaa ya timu hiyo yaliyorushwa na televisheni kati ya mwaka 1985 na 1987. Najua wapo watakaouliza mwalimu wa siasa anatafuta nini katika mchezo ambao hata mtoto anajua kwamba matokeo yake yamepangwa. Jibu langu ni kwamba natafuta humo kilekile ninachokitafuta katika hotuba za kampeni. Mieleka ya kulipwa ni tamthilia ya hadhara inayolazimika kueleweka na mtu aliyeketi safu ya mwisho kabisa, asiyesikia neno hata moja. Kwa sababu hiyo haina nafasi ya kuficha mashine yake. Ukitaka kuona namna adui wa taifa anavyoundwa, anavyovishwa mavazi na anavyotumiwa, ulingo wa mieleka utakuonyesha kwa uwazi ambao bunge halitakupa.

Tuanze na wahusika wenyewe. Aliyeigiza Mwajemi alikuwa Mwajemi kweli. Jina lake lilikuwa Hossein Khosrow Ali Vaziri, mzaliwa wa Damghan, Iran. Alikuwa mwanamieleka wa ridhaa wa kiwango cha juu, na mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuwa mlinzi katika familia ya Shah. Alihamia Marekani miaka mingi kabla ya mapinduzi ya mwaka 1979, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa makocha wasaidizi wa timu ya mieleka ya Marekani iliyokwenda kwenye Olimpiki ya Munich. Kwa maneno mengine, mtu ambaye Wamarekani walilipa kiingilio ili wamzomee kama askari wa Ayatollah Khomeini alikuwa ametokea upande wa utawala ulioangushwa na Khomeini, na alikuwa ameifundisha timu ya taifa lao.

Aliyeigiza Mrusi hakuwa Mrusi. Alikuwa Josip Peruzović kutoka Split, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia, mnyanyua vitu vizito aliyeikimbia nchi yake mwishoni mwa miaka ya 1960, akapitia Kanada na hatimaye kuishi Marekani. Baadaye alieleza waziwazi katika mahojiano kwamba aliuchukia ukomunisti. Hata Yugoslavia yenyewe ilikuwa imetengana na Moscow tangu mwaka 1948 na haikuwahi kuwa mwanachama wa Mkataba wa Warsaw. Basi mtu aliyeukimbia ukomunisti wa nchi moja alilipwa ujira wa kuuimbia ukomunisti wa nchi nyingine, mbele ya watu walioamini, au walioridhika kuamini, kwamba hakuna tofauti kati ya nchi hizo mbili.

Sasa tazama muungano wenyewe. Iran na Umoja wa Kisovieti, wakiwa bega kwa bega, wakigusana mikono kambani! Mwanafunzi yeyote wa uhusiano wa kimataifa anajua kwamba mwaka 1985 muungano huo haukuwapo. Msimamo rasmi wa Jamhuri ya Kiislamu ulikuwa kukataa Mashariki na Magharibi kwa pamoja. Mwaka 1983 serikali ya Tehran ilikipiga marufuku chama cha kikomunisti cha Tudeh na kuwatia viongozi wake gerezani. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yakipigana na Waislamu nchini Afghanistan, jirani ya Iran, tangu Desemba 1979. Na katika vita vya Iran na Iraq, silaha nyingi zilizowaua vijana wa Kiajemi zilitoka Moscow. Timu ya The Iron Sheik na Volkoff, kwa mizani ya historia, ilikuwa jambo lisilowezekana.

Hata hivyo iliwezekana kwenye televisheni, na iliwezekana bila maelezo yoyote. Hakuna mtazamaji aliyehitaji kuambiwa kwa nini wawili hawa ni marafiki. Walikuwa marafiki kwa sababu wote walikuwa maadui zetu. Hilo ndilo somo la kwanza. Adui wa jukwaani hahitaji kueleweka, wala hahitaji kuwa na maslahi, historia au hoja. Anahitaji alama chache tu za kumtambua: kilemba, wimbo, lafudhi. Kilemba kile cha Kiarabu kilivaliwa na Mwajemi, ambaye si Mwarabu, na haikumsumbua mtu. Ukishafika mahali ambapo adui mmoja ni sawa na adui mwingine, unaweza kuwafunga wote kwa kamba moja na kuwaita timu.

Mwanafalsafa wa Kifaransa Roland Barthes aliliona jambo hili mapema. Kitabu chake cha Mythologies, kilichochapishwa mwaka 1957, kinafunguliwa kwa insha kuhusu mieleka, na humo alibainisha kwamba huko Marekani mchezo huu ulikuwa umekwisha kupewa sura ya vita vya wema na uovu vyenye harufu ya siasa, ambamo mtu mbaya hudhaniwa kuwa mkomunisti. Miaka 28 baadaye mtu mbaya bado alikuwa mkomunisti. Kilichoongezeka ni kwamba sasa alikuwa na mwenzake. Mwenzake huyo alizaliwa na siku 444 ambazo Wamarekani 52 walishikiliwa mateka jijini Tehran, kuanzia Novemba 1979 hadi Januari 1981. Uchungu wa taifa ulikuwa wa kweli. Mfanyabiashara akauchukua, akaufungia katika mwili wa mtu mmoja, akaukatia tiketi.

Pambano la pili ninalotaka kulizungumzia lilirushwa na kituo cha NBC tarehe 11 Mei 1985, katika kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night's Main Event. Safari hii ilikuwa watatu dhidi ya watatu. The Iron Sheik na Volkoff walimwongeza George Steele, mtu aliyeigiza kama mnyama wa porini, mwenye manyoya mgongoni na asiyeweza kutamka sentensi. Mambo yalipowaendea mrama, wale wawili walimtelekeza Steele ulingoni peke yake. Akaangushwa. Muda mfupi baadaye umati uliokuwa ukimzomea ulianza kumhurumia, na tangu hapo akahamia upande wa mashujaa.

Pambano hili halikumbukwi sana, lakini kwangu ndilo lenye hila kubwa kuliko yote. Linatuambia kwamba mwovu wa jukwaani hanyimwi ushindi tu. Hunyimwa pia kila wema mdogo ambao ungeweza kutufanya tumtambue kuwa binadamu. Hawezi kuwa mwaminifu kwa rafiki, wala kuwa jasiri. Akishinda, amedanganya, akishindwa, amekimbia. Na mlango pekee anaoachiwa wa kurudi katika ubinadamu ni ule wa kutelekezwa na wenzake na kupokewa na sisi. Linganisha na namna wanasiasa wanavyowapokea wapinzani waliohama vyama: jana alikuwa msaliti asiye na haya, leo anavishwa kofia na kukabidhiwa kipaza sauti ili asimulie uovu wa aliowaacha. Uadilifu wake haukuhojiwa alipoondoka huko, wala hauhojiwi alipofika huku. Kilichohesabiwa ni kona aliyosimama.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan, WrestleMania ya tatu ilifanyika mbele ya umati ambao waandaaji walitangaza kuwa ni watu 93,173, hesabu ambayo imebishaniwa tangu siku hiyo. The Iron Sheik na Volkoff walikutana na timu ya Killer Bees, yaani Brian Blair na Jim Brunzell. Volkoff alipoanza kuimba, akatokea Jim Duggan, mzalendo wa Kimarekani aliyekuwa akitembea na kipande cha ubao, kile ambacho mafundi wetu wa seremala wangekiita mbili kwa nne. Duggan akamzuia Volkoff kuimba, kwa hoja kwamba hii ni nchi ya watu huru.

Naomba msomaji aitafakari kauli hiyo kwa utulivu. Kwa kuwa hii ni nchi ya watu huru, huna ruhusa ya kuimba! Uhuru unatajwa kama sababu ya kumnyima mtu sauti, na maelfu wanashangilia bila kuona kichekesho.

Pambano likaanza. Mwajemi alimdhibiti Brunzell kwa mkabo wake maarufu wa ngamia: anamkalia mpinzani mgongoni, anamshika kidevu na kumvuta nyuma. Ulikuwa mkabo halali kabisa kwa kanuni za mchezo. Wakati huo Duggan, ambaye hakuwa mshiriki wa pambano, alikuwa akimkimbiza Volkoff. Akaingia ulingoni na kumpiga The Iron Sheik kwa ule ubao. Mwamuzi hakuwa na la kufanya isipokuwa kutumia kanuni. Killer Bees waliondolewa kwa kosa la kuingiliwa na mtu wa upande wao. Kwa mujibu wa kitabu cha kanuni, Mwajemi na Mrusi walishinda.

Na uwanja mzima ulishangilia kama vile wameshindwa.

Rudi sasa kwenye bakora ya mwaka 1985. Waovu walimpiga mtu mgongoni kwa kifaa kisichoruhusiwa, na kitendo hicho kilitajwa kuwa ushahidi wa ubaya wao. Miaka miwili baadaye shujaa alimpiga mtu kwa kifaa kisichoruhusiwa, akiwa hata si mchezaji wa pambano hilo, na kitendo hicho kilitajwa kuwa ushahidi wa uzalendo wake. Bakora na ubao vyote ni mti. Mikono iliyovishika ndiyo iliyokuwa tofauti. Katika matangazo ya siku hiyo, kama ilivyokuwa mwaka 1985, sauti iliyokuwa na kazi ya kuwatetea waovu ilikuwa ya Jesse Ventura, naye hapo ndipo alipojikuta katika nafasi ya ajabu: mtetezi wa waovu ndiye aliyekuwa na kanuni upande wake.

Hii ndiyo kazi kuu ya timu ya waovu, na ndiyo sababu nimeona inafaa kuandikiwa. Tumezoea kudhani kwamba hatari ya kumtengeneza adui ni chuki tunayomwelekezea yeye. Hatari hiyo ipo. Lakini ipo kubwa zaidi: ruhusa anayotupa sisi. Adui aliyetengenezwa vizuri hugeuza kanuni zetu kuwa kero. Mwamuzi anayezitekeleza huonekana kibaraka wake. Anayeuliza swali la utaratibu huonekana amenunuliwa. Na yule anayeingia na ubao, bila kuitwa na bila mamlaka, huonekana mtu pekee mwenye moyo.

Hapa inanibidi nivuke bahari, kwa kuwa mwaka uleule wa 1983 ambao The Iron Sheik alitwaa ubingwa wa dunia wa kampuni yake, tarehe 26 Desemba, sisi Tanzania tulikuwa tumekwisha kupita katika jaribio letu wenyewe. Uhaba wa sukari, sabuni na nguo ulikuwa mkali. Sababu zilikuwa nyingi: gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, udhaifu wa mashirika ya umma, na pia, ni lazima tukiri, wafanyabiashara walioficha bidhaa ili waziuze kwa bei ya kuruka. Katika orodha hiyo ni sababu ya mwisho tu iliyokuwa na uso. Basi ikachaguliwa hiyo, ikapewa jina: mhujumu uchumi.

Kampeni ya mwaka 1983 iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, kiongozi ambaye wengi wetu bado tunamkumbuka kwa uadilifu wake, iliungwa mkono kwa shauku. Watu walikamatwa kwanza, kisha sheria ya kuwashtakia ikapitishwa bungeni na kuwekwa irudi nyuma. Watuhumiwa walinyimwa dhamana na uwakilishi wa mawakili mbele ya baraza maalumu lililoundwa kuwahukumu. Mwaka uliofuata sheria hiyo iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine. Sisemi kwamba hapakuwa na wahujumu. Walikuwapo. Ninachosema ni kwamba kuwapo kwao kulitufanya tuupokee ubao ule kwa vigelegele, na kwamba sukari haikurudi dukani kwa sababu hiyo. Wafuasi wa dhati wa kiongozi mwadilifu ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulisema hili, maana kanuni inayovunjwa na mtu mwema hurithiwa na asiye mwema.

Turejee Marekani, maana kisa hakikuishia Michigan. Tarehe 26 Mei 1987, chini ya miezi miwili baada ya ubao ule, polisi wa jimbo la New Jersey walisimamisha gari katika barabara kuu ya Garden State Parkway. Ndani yake walikuwamo Jim Duggan na The Iron Sheik, wakisafiri pamoja. Dawa za kulevya zilikutwa. Habari ikatoka magazetini, na wote wawili wakafukuzwa kazi, ingawa baadaye kila mmoja alirudishwa kwa wakati wake. Kwa kampuni, dawa zilikuwa aibu, lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa kwamba mzalendo na adui wa taifa walikuwa ndani ya gari moja.

Methali yetu inasema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Kisa cha New Jersey kinaidai methali hiyo nyongeza: hata tembo wakiigiza tu kupigana, nyasi hukanyagwa vilevile. Yule kijana wa Kiajemi aliyekuwa akisoma katika shule ya Marekani miaka hiyo hakuwa na gari la kupanda na Duggan. Yeye alibaki na kilemba ambacho hakuwahi kukivaa. Kwetu nako, mwananchi anayegombana na jirani yake kwa sababu ya rangi ya kofia ya chama hajui, au hataki kujua, kwamba waliomchochea wanasalimiana kwa vicheko kwenye mgahawa wa bunge. Sipingi salamu hizo. Siasa iliyostaarabika inazihitaji. Ninachopinga ni kumficha mwananchi kwamba zipo.

Kuna jambo jingine lililofichuliwa miaka hiyo. Mwaka 1989 mmiliki wa kampuni hiyo ya mieleka, Vince McMahon, aliieleza Seneti ya New Jersey kwamba shughuli yake si mashindano ya michezo bali ni burudani. Hakusukumwa na dhamiri. Alitaka kujitoa katika usimamizi wa tume ya michezo ya jimbo hilo na gharama zilizoambatana nao. Siri iliyolindwa kwa miongo kadhaa, iliyowafanya watu wazima waogope kuonekana wakila chakula pamoja, ilitobolewa na mwenyewe aliyefaidika nayo, mara tu ukweli ulipokuwa na faida kubwa zaidi kuliko siri. Kumbuka hilo kila unaposikia kiongozi akikiri ghafla jambo alilolikana kwa miaka. Uliza ni kodi gani anayoikwepa kwa ukweli huo.

Na adui je? Adui hubadilishwa kama shati. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na Moscow ikaacha kutisha, Volkoff aligeuzwa mwaka 1990 kuwa mpenzi wa Marekani, akasimama upande mmoja na Duggan yuleyule. Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Mwaka 1991 Vaziri alirudishwa ulingoni, lakini safari hii hakuwa The Iron Sheik wa Iran. Alivishwa sare za kijeshi na kuitwa Kanali Mustafa, mtu wa Iraq. Vita vya miaka minane kati ya Iran na Iraq vilikuwa vimekwisha mwaka 1988. Mamia ya maelfu walikufa katika vita hivyo. Na sasa Mwajemi huyu, kwa uamuzi wa ofisi moja, anapewa sare ya jeshi lililowaua wananchi wenzake, na hakuna mtazamaji anayeshtuka. Katika mambo yote niliyoyatazama, hakuna lililonihuzunisha kama hilo. Si kwa sababu lilikuwa na ukatili wa makusudi, bali kwa sababu halikuwa na makusudi yoyote. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna jambo la kufikiria.

Atatokea mtu aniambie kwamba nakuza mambo, kwamba watazamaji walijua ni mchezo na walirudi nyumbani salama. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Watazamaji walijua. Lakini kujua kwamba jambo limepangwa hakukuzuii kulizoea. Mazoea ya kuzomea kwa alama, ya kushangilia kanuni ikivunjwa na mtu wetu, hayaachwi mlangoni pamoja na tiketi. Jesse Ventura, aliyekuwa akiwatetea waovu kwenye kipaza sauti, alichaguliwa kuwa gavana wa Minnesota mwaka 1998. Volkoff mwenyewe aliomba kuteuliwa na chama cha Republican kugombea ubunge wa jimbo la Maryland mwaka 2006, akashindwa. Donald Trump, ambaye WrestleMania za 1988 na 1989 zilifanyika Atlantic City chini ya udhamini wa hoteli yake ya kamari, aliingizwa katika orodha ya heshima ya kampuni hiyo mwaka 2013, kabla ya kuwa rais. Linda McMahon, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa kampuni hiyo, ndiye aliyeapishwa mwaka 2025 kuwa waziri wa elimu wa Marekani. Sidai kwamba mieleka ndiyo iliyozaa siasa hizo. Nadai tu kwamba mlango kati ya ulingo na jukwaa la siasa uko wazi, na watu wanapita.

Wala sitaki kuwadharau waliofanya kazi ile. Volkoff alifariki mwaka 2018 na Vaziri mwaka 2023, na waliowajua ulingoni waliwaheshimu kama mafundi. Katika fani hiyo, mara nyingi anayecheza uovu ndiye anayeliongoza pambano: huamua kasi, humlinda mpinzani asiumie, huanguka kwa ustadi ili mwenzake ang'are. Walikuwa wahamiaji wawili waliouza kile ambacho soko lilikitaka kutoka kwao, nacho kilikuwa ugeni wao. Lawama yangu haiwaelekei wao. Inaelekea kwa walioandika mchezo, na kwa sisi tunaonunua tiketi.

Kwetu neno lenye soko leo ni kibaraka wa mabeberu. Ukoloni ulikuwapo, na unyonyaji wa mataifa makubwa ungalipo. Anayekana hilo hajasoma historia. Lakini neno hilo limefanywa kilemba. Huvishwa mwanaharakati anayeuliza fidia ya wanakijiji waliohamishwa, huvishwa mwanahabari aliyechapisha hesabu za zabuni, huvishwa wakili, huvishwa hata mtumishi wa umma aliyeandika dokezo lenye takwimu zisizopendeza. Watu hawa hawana uhusiano wowote kati yao, kama vile Tehran na Moscow hazikuwa nao, lakini wakishafungwa kamba moja wanakuwa timu. Nanyi wanaharakati msicheke mapema. Nanyi mna kilemba chenu, nacho kinaitwa chawa, mnachomvisha kila anayeiona serikali kuwa imefanya jambo moja jema.

Kwa hiyo nawaachia maswali matatu, na ningependa mwende nayo kwenye mkutano wa hadhara unaofuata. Mwanafunzi ajiulize: huyu ninayeombwa kumzomea amefanya nini hasa, tarehe gani, na nani ameshuhudia? Mwanaharakati ajiulize: kitendo hiki ninachokishangilia, kingefanywa na upande ule mwingine ningekiitaje? Na mtumishi wa umma, ambaye katika mchezo huu ndiye mwamuzi, ajiulize swali lililo gumu kuliko yote: uwanja mzima ukishangilia ubao, je, nitaandika matokeo kwa mujibu wa kanuni?

Pale Silverdome mwamuzi aliandika. Walioshinda walikuwa watu wasiopendwa na yeyote, na umati haukumpongeza kwa hilo. Lakini ukifungua kumbukumbu za pambano lile leo, karibu miaka 40 baadaye, utakuta humo jina la timu ya Mwajemi na Mrusi kama washindi, kwa sababu ndivyo kanuni zilivyosema. Nchi yenye waamuzi wa namna hiyo inaweza kuvumilia vituko vingi vya jukwaani. Nchi isiyo nao haitaokolewa na uzalendo wa wenye mbao.